Rubani na Nahodha

Swali ninalozunguka nalo wiki hizi ni hili: mtu akishapajua mahali vizuri, je, mahali pale panamdai?

Limeletwa na mpwa wangu. Anarusha Cessna Caravan, ndege ya injini moja, kutoka Arusha kwenda viwanja vya vumbi vya mbugani. Ni ndege za kukodi: watalii, vyakula vya hotelini, mara mojamoja mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Sasa ameitwa na shirika kubwa, lile la tiketi na vitafunio. Miaka sita amekuwa kapteni. Huko ataanza upya kiti cha kulia, rubani msaidizi. Hapa Buger hakuna aliyeona tatizo. Kwa wazee ni kama mtoto kutoka shule ya kata kwenda chuo kikuu, na mbuzi akachinjwa. Mimi nikauliza, kisha nikaambiwa walimu tunapenda kuharibu sherehe.

Tuanze na neno. Rubani hakuzaliwa angani. Pwani, kabla ya ndege, rubani alikuwa mtu wa baharini, mjuzi wa mlango wa bandari fulani: mwamba uko wapi, maji yakitoka mchanga unajitokeza upande gani. Nahodha alikuwa mwenye amri ya chombo, na chombo kilikwenda popote. Rubani alikuwa wa mahali. Nahodha angeweza kuvuka bahari nzima, akifika mdomoni mwa bandari ngeni anamsikiliza rubani. Ndege zilipokuja tukawapa wanaozirusha jina la yule wa pili, na sidhani kama kuna aliyekaa akafikiria tofauti hiyo.

Lakini kwa mpwa wangu neno lilikaa sawasawa. Anajua kwamba Ndutu huwezi kushuka moja kwa moja. Unapita kwanza chini chini kufukuza nyumbu na punda milia, kisha unazunguka. Anajua uwanja wa Manyara, ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, upepo ukipanda ule ukuta unavyoitikisa ndege dakika ya mwisho. Anajua ukungu wa asubuhi za Julai unavyolala Ngorongoro, na saa ngapi haifai hata kujaribu. Kule hakuna mnara wa kukuambia shuka au subiri. Vitu hivi hawezi kuvipakia kwenye begi aende navyo kazi mpya. Akiondoka vinakuwa hadithi tu.

Na hapo ndipo dhamiri yangu inapowasha. Leseni ya biashara unaipata ukiwa na kama saa 200 za kuruka. Leseni ya juu, ile ya kukuwezesha kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka 1,500. Tofauti hiyo wengi huijaza huku kwetu, kwenye mavumbi. Kila abiria aliyebebwa, hata yule mama aliyetolewa na uchungu wa kujifungua uliokwama, aliingia kwenye daftari kama dakika arobaini za kupandia ngazi. Sisi walimu tunaijua habari hii. Mwalimu mpya anaripoti kijijini, na mwezi haujaisha ameshaandika barua ya uhamisho. Anafundisha, ndiyo, lakini begi halijafunguliwa. Watoto wanaliona lile begi.

Ila haki isemwe. Begi la mwalimu linaweza kuingia darasani, la rubani haliingii. Mwalimu anayengoja uhamisho anaweza kufundisha nusu nusu na mwisho wa mwezi akalipwa. Rubani hawezi kutua nusu. Amekaa kwenye chuma kilekile na abiria wake. Basi hata kama yule mama alikuwa saa kwenye daftari, alifika. Sina uhakika kama nia ya anayekuokoa inakuhusu sana wakati unaokolewa. Ninaandika hivyo, na bado sijaridhika.

Sehemu ya kutoridhika kwangu, nadhani, imetoka vitabuni. Sisi wasomaji tumelelewa na marubani wa ndege ndogo. Saint-Exupéry alipeleka barua juu ya Sahara akazitoa huko kurasa zake. Beryl Markham alirusha ndege za kukodi Kenya, akitafuta tembo kwa ajili ya wawindaji, kabla ya kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1936. Hapa karibu yetu kuna kaburi la Michael Grzimek, ukingoni mwa kreta. Alikufa Januari 1959, akiwa na miaka 24, ndege yake ilipogongana na tai wakati yeye na baba yake wakiwahesabu wanyama wa Serengeti. Watalii husimama pale wakavua kofia. Sasa nitajie kaburi la rubani aliyekwenda Dar na Mwanza miaka thelathini, kusitokee kitu. Hana kitabu wala kofia inayovuliwa. Fasihi inampenda mtu mmoja aliye peke yake na dhoruba yake, kwa sababu huyo anaandikika. Abiria mia na themanini waliolala njia nzima hawaandikiki. Mpwa wangu nilimpenda kwa sehemu kwa sababu alifanana na vitabu vyangu, na hilo si deni lake yeye.

Kampuni, kwa njia, hatuziulizi maswali haya. Precision Air ilianzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikiwa na ndege ndogo za kukodi, baadaye ikawa shirika la safari za ratiba. Tuliita maendeleo.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba anashushwa cheo akishangilia. Huku yeye ndiye anayeamua. Kule atasoma orodha iliyoandikwa na mtu mwingine, na mzee wa kushoto ataamua. Akacheka.

"Mjomba, huku nikikosea nani ananiambia? Abiria wanapiga picha twiga."

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la mshahara. Mshahara upo, asitudanganye mtu, na dada yangu ameshachagua mabati. Lakini alilosema ndilo lililonipeleka kusoma habari ya Tenerife.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa hicho cha Hispania, Boeing 747 mbili ziligongana ardhini kwenye ukungu, watu 583 wakafa. Kapteni wa KLM alikuwa mkufunzi mkongwe na mwenye jina. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, msaidizi wake alimkumbusha kwamba ruhusa haijatoka, akasimama. Muda mfupi tu baadaye akaanza tena, bado bila ruhusa ya kuruka. Msaidizi safari hii hakumzuia. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imeshaondoka njiani. Kapteni akajibu kwa uhakika kwamba ndiyo, na mhandisi akaacha. Watu watatu chumbani mle, mmoja mwenye shaka, na heshima ikaifunika shaka. Baada ya ajali kama hizo mashirika yalianza kuwafundisha marubani somo jipya kabisa: mdogo kumpinga mkubwa kwa sauti, na mkubwa kukubali kupingwa.

Fikiria maana yake kwa kijana wa Buger. Huku mtoto anamwamkia mzee shikamoo kabla hajasema lolote, na mzee akikosea njia mnapotea naye kwa adabu. Nikamuuliza: utamwambia mzee wa umri wa baba yako kwamba hapana?

"Namwambia, 'Kapteni, hapana.' Asiponisikia narudia. Asipojibu tena, nachukua usukani."

"Na shikamoo?"

"Shikamoo nimempa asubuhi, mjomba."

Sasa siwezi tena kusema kiti cha kulia ni kidogo. Peke yake kwenye Caravan alikuwa jasiri, lakini ujasiri wa asiye na wa kumbishia ni wa aina moja tu. Huu mwingine sikuwahi kuufundisha darasani. Sisi tulifundisha kunyamaza, tena kwa fimbo.

Deni la mahali, hata hivyo, halijafutwa na Tenerife. Yule mwenye ujuzi wa Ndutu bado anaondoka, na uzazi uliokwama hautangoja. Nilimuuliza hilo mwisho kabisa. Akasema wiki hizi kila safari anakwenda na kijana mgeni pembeni, mwenye saa mia mbili na kitu, anamwonyesha pa kuzungukia na pa kuwatazama punda milia. Kijana anaandika kila kitu kwenye kidaftari.

"Atakaa muda gani?" nikauliza.

"Kama mimi," akasema. "Mpaka zifike."