Deni la Siku 58

Alifika kwangu saa tatu asubuhi, siku ya tisa ya Ramadhani ya mwaka 2024, mkono mmoja kiunoni na mwingine chini ya tumbo. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope mpaka kizingitini. Hakupiga hodi wala hakutoa salamu. Alisema tu, "Mama, mtoto hachezi."

Mimi ni mkunga. Kwa miaka 27 nimepokea watoto Kamenge, Kinama na Cibitoke, huku kaskazini mwa Bujumbura, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa wanawake wa watu. Kuyasikia kwa mkamwana wako mwenyewe, mke wa mwanao wa kwanza, mimba ya miezi saba, ni jambo jingine. Nilimuuliza kama jana alicheza. Alicheza kidogo, kabla ya magharibi. Na usiku? Hakumbuki, alilala amechoka. Nikamtazama midomo. Ilikuwa imekauka na ulimi umekuwa mweupe kama uliopakwa unga.

"Umefunga?"

Akainamisha kichwa.

Nilimlaza ubavu wa kushoto mkekani, nikakoroga maji na vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe cha bati, nikamwinua kichwa. Akageuza uso. Nikamwambia, "Kunywa, mwanangu. Kama kuna dhambi, iwe juu yangu." Najua nilikosea kusema hivyo, maana dini yetu inafundisha kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Lakini alikunywa. Nikaweka kiganja chini ya kitovu, upande wa kulia, nikangoja. Kwa jirani redio ilikuwa ikisoma habari za mafuta ya magari, yaliyokuwa yameadimika mjini. Dakika zilipita, sijui ngapi. Kisha kiganja kikaguswa kwa ndani, polepole, kama samaki anavyogeuka kwenye ndoo ya mvuvi. Mara ya pili. Ya tatu ikawa teke kabisa, na mkamwana akaanza kulia.

Baadaye tulitembea kwa miguu mpaka hospitali ya chuo kikuu, hii ya hapa Kamenge ambayo kila mtu anaiita Roi Khaled kwa jina la mfalme Khalid wa Saudi Arabia. Akapimwa, mtoto akaonekana mzima. Wakati wa kurudi ndipo nilipomuuliza kwa nini alifunga hali anajua ana ruhusa, na mkwewe ni mkunga.

Nilidhani ataniambia habari za thawabu. Akanijibu kwa hesabu. "Mama, nina deni la siku 58. Ramadhani ilinikuta nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza, sikufunga. Iliyofuata nilikuwa namnyonyesha, sikufunga. Sasa hii. Nikila siku zilizobaki mwezi huu zitakuwa 80. Nitazilipa lini?"

Tangu siku ile nimekuwa nikiligeuza swali hilo, na nimeona kwamba sisi tunaowafundisha wanawake dini na afya huwa tunaishia njiani. Tunawaambia ruhusa ipo. Ni kweli ipo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kwamba Mungu amempunguzia msafiri nusu ya swala, na mjamzito na mnyonyeshaji amewaondolea funga. Mashehe wetu hapa wanafuata madhehebu ya Shafii, na maelezo yao yako wazi: mwanamke akihofia nafsi yake, anakula na kulipa siku kwa siku, akila kwa kuhofia mtoto peke yake, analipa siku na juu yake anatoa kibaba cha chakula kwa masikini kwa kila siku. Akishajifungua, muda wote wa damu ya nifasi haruhusiwi kufunga hata akitaka. Kwa Shafii damu hiyo kwa kawaida huenda siku 40 na mwisho wake ni 60. Hizo nazo ni deni. Kuna masahaba wakubwa, Ibn Abbas na Ibn Umar, ambao imepokewa kwamba waliona mjamzito na mnyonyeshaji wanalisha masikini basi, hawalipi siku. Kauli hiyo ipo vitabuni, ila wanawake wa Kamenge hawakulelewa nayo.

Sasa mchukue mwanamke anayezaa kila baada ya miaka miwili na kunyonyesha miaka miwili. Miaka kumi ya ujana wake haina hata Ramadhani moja aliyoimaliza. Ruhusa aliyopewa kila mwaka inaandikwa mahali, na anayeisoma usiku ni yeye peke yake. Mumewe mwezi ukiandama amemaliza, anasherehekea Idi kwa moyo mweupe.

Mwaka 2012 nilikwenda Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa mafunzo ya wiki sita, nikalala chumba kimoja na mkunga wa jamii ya Abayudaya. Hao ni Waganda walioingia dini ya Kiyahudi kwa kumfuata Semei Kakungulu, yule jemadari aliyejitahiri pamoja na wanawe mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku katika miaka ya sabini, wakasali kwa kujificha, idadi yao ikapungua sana, na wachache waliobaki ndio waliosimamisha tena sinagogi yao katika kilima cha Nabugoye. Mwenzangu yule alikuwa mcha Mungu kweli. Usiku, taa ikizimwa, tulikuwa tukiulizana mambo ya kazi yetu kwa upande wa dini, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba wao pia wana mwanamke mjamzito mbele ya chakula, na wamemfikiria kwa karne nyingi.

Funga zao ndogo, zile za alfajiri mpaka jioni kama yetu, mjamzito na mnyonyeshaji wamesamehewa, ingawa kuna jamii zao ambazo wanawake kwa desturi walijikaza wakafunga. Lakini kwenye funga mbili kubwa mlango unakuwa mwembamba. Siku ya tisa ya mwezi wa Av, wanapoomboleza kubomolewa Hekalu, na hasa Siku ya Upatanisho, mjamzito anafunga kama wengine, bila chakula wala maji, jua kuzama mpaka usiku wa kesho yake, saa 25. Nilishtuka. Nikamwambia sisi tunamfungulia mlango mapema zaidi. Akasema, "Ngoja nikueleze jinsi anavyolishwa."

Akanieleza. Mjamzito akinusa chakula siku hiyo na nafsi yake ikakitamani mpaka rangi ikambadilika, kwanza wanamnong'oneza sikioni kwamba leo ndiyo Siku ya Upatanisho. Wengine hutulia kwa mnong'ono huo tu. Asipotulia, analishwa mpaka roho imrudie. Hata kama kilichomtamanisha ni nyama ya nguruwe, wanachovya ncha ya unyasi kwenye mchuzi na kumtia mdomoni. Ikiwa bado, wanampa mchuzi. Ikiwa bado, mafuta yenyewe. Nililala nikiwaza Kamenge. Mtu asiyepajua hapa jioni hawezi kuelewa. Kuanzia saa kumi moshi wa mishikaki ya mbuzi unatoka kwenye baa na kupita juu ya kuta mpaka vyumbani, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Nimeona wajawazito waliofunga wakiziba pua kwa pindo la kanga. Sikuwahi kusikia shehe akizungumzia harufu. Wazee wa Kiyahudi walikaa kitako wakaizungumzia, wakapanga hatua kwa hatua nini kifanywe, na hatua ya kwanza ni mtu kuinama na kumnong'oneza, siyo kumkaripia.

Na kuna kipimo. Kosa la kula siku hiyo, alisema, linahesabiwa kuanzia ukubwa wa tende kubwa pamoja na kokwa yake. La kunywa, kuanzia maji ya kujaza shavu moja. Kwa hiyo ambaye hali yake si ya kuangamia papo hapo lakini hawezi kumaliza siku bila hatari, anapewa chini ya tende, anapumzika dakika chache, anapewa tena. Maji chini ya shavu, anapumzika, tena. Aliinuka kitandani akanionyesha kwa kikombe chake jinsi ya kupima shavu: unajaza mdomo, unasukuma maji yote upande mmoja, unayatema kwenye glasi na kutia alama. Alama hiyo unaipima kabla ya siku yenyewe, ili usiku ule usihangaike. Tende ileile ninayofungulia swaumu, kwao ndiyo mpaka kati ya kula na kutokula.

Baada ya kujifungua, siku tatu za mwanzo mwanamke analishwa hata akisema hahitaji. Hakuna mjadala. Kuanzia hapo mpaka siku ya saba anasikilizwa: akisema anahitaji, analishwa, hata kama waganga waliopo wanasema hapana, kwa kuwa moyo unajua uchungu wake wenyewe. Siku saba zikipita anarudi kuwa kama watu wote, isipokuwa akiumwa.

Mimi nilikuwa nimeshaona wanawake wakimwaga damu siku ya pili na kusimama kupika. Hizo siku tatu zisizojadiliwa nilizipenda sana.

Kazini nimeona pia mahali ambapo hakuna mlango wowote. Majirani zangu wa makanisa ya maombi wana funga wanayoiita kwa Kirundi kwisonzesha, yaani kujitia njaa, na wengine huifanya kavu, siku tatu bila maji. Kwao hakuna kitabu kinachosema mjamzito afanyweje; inategemea mchungaji, au ukali wa shida anayoiombea. Nimempokea binti aliyefunga hivyo akiwa na mimba ya kwanza, akimwombea mumewe kazi. Mtu mwenye sheria ana mahali pa kushika. Yule binti hakuwa na pa kushika isipokuwa imani yake, nayo ilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

Kuhusu mwili nitasema kidogo. Mwaka 1983 madaktari wa Israeli waliandika juu ya funga ya Upatanisho kusukuma uchungu wa uzazi kwa waliokaribia kujifungua. Mwaka 2011 wachumi wawili, Almond na Mazumder, walichapisha hesabu walizozifanya kwa kutumia takwimu za Uganda na Iraq: watu wazima Waislamu ambao Ramadhani iliwakuta tumboni, hasa miezi ya mwanzo, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa ulemavu, kwa karibu asilimia 20. Hawakujua mama yupi alifunga na yupi alikula. Walilinganisha miezi ya kuzaliwa. Siwasomei wanawake takwimu hizo kliniki. Nawaambia dalili: kiu isiyokatika, mkojo wa rangi ya chai, kizunguzungu, mtoto kutulia kuliko kawaida. Ukiiona mojawapo, kula saa hiyohiyo, usingoje adhana.

Narudi kwa mkamwana. Juma lile alikaa kwangu, anakula mchana chumbani huku mlango umefungwa, kwa sababu aliona haya hata mbele ya watoto wa jirani. Nikamsimulia ya Mbale, yote, harufu na tende na shavu na siku tatu. Alisikiliza akimenya ndizi. Mwisho akauliza, "Na aliyekula siku hiyo, analipa lini?"

"Halipi. Siku ni moja kwa mwaka. Aliyekula kwa sababu ya haki hana deni."

Nilidhani atafurahi. Mimi mwenyewe, tangu nilipolisikia Mbale, nilikuwa nimeliona jambo hilo kuwa huruma kubwa kuliko yetu. Yeye akanyamaza, akamaliza ndizi yake, akasema, "Sasa atajuaje kwamba bado anangojewa?"

Sikuwa na jibu. Miaka 12 nilikuwa nimelibeba deni kama mzigo tu, na binti huyu wa miaka 26, aliyekuwa amelihofia mpaka akahatarisha mimba yake, ndiye aliyeona kwamba ndani yake mna kiti kilichowekwa akiba. Mungu aliyemwambia kula sasa hakumfuta kwenye hesabu ya waliofunga. Anamngoja. Na kwa mafunzo ya Shafii, maadamu udhuru wake unaendelea, mimba kisha ziwa kisha mimba, deni haliongezeki kwa kuchelewa. Halizai riba. Hilo nilimweleza siku ileile, na niliona mabega yake yakishuka.

Ila kungojewa na Mungu hakutoshi ikiwa nyumbani hakuna anayekusaidia kufika. Siku 80 hazilipiki na mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji, anayebeba mtoto mgongoni, anayepika ugali na maharage ya watu sita akiwa amefunga peke yake, huku wengine wanakula mbele yake. Nilimwita mwanangu. Nilimwambia kibaba cha masikini kitoke mfukoni mwake, na sikumwacha anijibu kwamba biashara ni mbaya, maana masikini wa kupewa wapo mlango wa pili. Nikamwambia tena: mkeo atakapoanza kulipa, nawe utafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi, na daku utaipika wewe. Hakufurahi. Aliniuliza kama kuna kitabu kinachomlazimisha. Nikamwambia hakuna, ninayemlazimisha ni mimi mama yake.

Mtoto alizaliwa Mei, msichana, kilo tatu kasoro kidogo. Siku tatu za mwanzo nilihamia kwao, nikampikia mama yake uji na supu ya samaki wa mukeke, na kila aliposema ameshiba nilimwongezea.

Kwenye ukuta wa chumba chao, nyuma ya mlango, kuna daftari la mraba limening'inizwa kwa msumari. Mkamwana amechora vijistari 80, kumi kumi kwa kila mstari. Bado ananyonyesha, hajakata hata kimoja. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwanangu ameanza kuweka alama za Jumatatu zake. Nilipohesabu mara ya mwisho zilikuwa sita.