Ramadhani 19: Muhuri ulio mkononi mwako



Ndugu zangu wa Nkuhungu, na nyote mnaotusoma mkiwa mbali, imebaki siku moja tulimalize kumi la maghfira. Leo sina darsa la fiqhi. Nataka nikusimulie jambo lililonikuta wiki iliyopita, kisha nikuulize swali ambalo mpaka naandika hapa bado linanisumbua.

Msimamo wangu kuhusu magemu mnaujua. Kile kibanda cha gemu cha njia ya sokoni nimekisema mimbarini mpaka mwenye kibanda ananikwepa. Vijana wanafuturu kwa tende mbili na kikombe cha uji, wanakimbilia kule, tarawehe tunabaki wazee na watoto wadogo. Sasa juzi baada ya witri nikamkuta kijana mmoja, niliyemfundisha juzuu Amma akiwa mdogo, yupo kidato cha tano siku hizi, amekaa kibarazani kaiinamia simu. Nikajua ni mpira au bunduki. Nikamwambia, "Lete hiyo simu." Akanipa bila ubishi. Akasema, "Shehe, naomba ukae kidogo ujaribu wewe. Mimi hapa nimekwama."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa, labda ni uchovu.

Mchezo wenyewe unaitwa Papers, Please. Ulitoka mwaka 2013, umetengenezwa na Mmarekani mmoja, Lucas Pope. Hapo hakuna mpira. Wewe ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni, mwaka 1982. Watu wamepanga foleni ndefu nje. Mmoja mmoja anakuja dirishani anakupa pasi yake, unakagua picha, tarehe, kibali, halafu unagonga muhuri: wa kijani apite, wa mwekundu arudi. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia sawasawa. Ikifika jioni unaona familia yako, kuna kodi ya nyumba, chakula, kuni za baridi, na mtoto anaweza kuugua. Ukimpitisha asiyestahili unaandikiwa kosa, na makosa yakizidi unakatwa hela.

Pale kijana alipokwama, alikuja mwanamume, karatasi zake zote safi, akapitishwa. Kabla hajaondoka akasema, nyuma yangu yupo mke wangu, mfanyie wema. Mke akafika. Hana kibali cha kuingia. Anaomba.

Nikamwambia kijana, "Hana kibali, hana kibali. Sheria ndiyo hiyo." Nikagonga mwekundu kwa kidole changu mwenyewe. Yule mwanamke akaondoka. Kijana akaniangalia, hakusema neno, akachukua simu yake akaaga.

Nilipofika nyumbani sikulala.

Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, tulikuwa tunaandika orodha ya wanaostahili Zakatul Fitri. Alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa mgeni mtaani, amepanga chumba, anafua nguo za watu. Nikamwomba barua ya mwenyekiti wa mtaa, hana. Kitambulisho cha NIDA, hana. Nani anamjua? Akamtaja jirani ambaye hayupo. Nikamwambia, "Mama, fuata utaratibu, nenda ukalete barua." Akasema, "Haya shehe, asante." Akaenda. Hakurudi. Baada ya Idi niliulizia, nikaambiwa kahama, wapi hakuna ajuaye.

Mwaka mzima sikumkumbuka. Nimemkumbuka kwa sababu ya mchezo wa simu, kwenye kibaraza cha msikiti. Hilo ndilo linaloniuma.

Nisikilize vizuri hapa, usiseme shehe anajidhalilisha bure. Ile barua hatukuiweka kwa ukatili. Tuliiweka kwa sababu huko nyuma watu wenye uwezo walijiandikisha mara mbili, mara tatu, kwa majina ya watoto wao, na wajane wakakosa. Zaka ni amana. Anayeigawa bila kuuliza naye ana hesabu ya kutoa. Kwa hiyo utaratibu wangu ulikuwa sahihi, na wewe unayeketi ofisini, hospitalini, dukani kwako, nawe una utaratibu wako ulio sahihi. Swali langu ni hili: mtu anaweza kuwa sahihi na akawa na dhambi, kwa tendo lile lile, saa ile ile?

Zamani ningekujibu haraka kwamba hapana, aliyefuata amri amesalimika. Sasa naisoma upya sura ya Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa anazungumza na wakubwa wa Kikureshi, ana tumaini la kuwavuta katika Uislamu. Kuna kazi gani kubwa kuliko hiyo? Akaja Abdullah ibn Ummi Maktum, kipofu, anataka kufundishwa, akayakata mazungumzo. Mtume akakunja uso. Yule kipofu hata huo uso hakuuona! Na sababu ya kukunja uso ilikuwa kazi ya dini yenyewe. Pamoja na hayo wahyi ukashuka kumkumbusha, na unasomwa mpaka leo. Baadaye Ibn Ummi Maktum akawa mwadhini, na mara kadhaa Mtume alimwachia Madina aiangalie yeye anaposafiri. Basi kama uso uliokunjwa mbele ya asiyeona umeteremshiwa aya, mimi na lile neno langu "fuata utaratibu" tunasimama wapi?

Nadhani kosa langu halikuwa kumwomba barua. Kosa ni kwamba nilipoitaja barua nilikwisha kumaliza kumwangalia. Ningeweza kumwambia akae kivulini nitume kijana mpaka kwa mwenyekiti, ni dakika kumi kwa bodaboda. Ningeweza kuutoa mchele wangu mimi. Muhuri ulinipunguzia kazi ya kufikiri, nami nikaufurahia.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hajifunzi kwa kusikia peke yake, anajifunza kwa kutenda. Khutba ngapi nimetoa juu ya sura ya Al-Maun, juu ya wanaoswali na kuzuia msaada mdogo? Nimeitoa mimi, na sikujiona ndani yake. Ila mchezo ulinipa muhuri mkononi, ukaniacha nichague, na nilichochagua kikanionyesha mimi ni nani. Ndiyo maana nimeacha kusema kwamba magemu yote ni upuuzi. Imam Al-Ghazali mwenyewe katika Ihya alishauri mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, akihofia kumnyima mchezo kabisa kutaufisha moyo wake na kuizima akili yake. (Vijana, msinipige picha maneno haya mkawatumia mama zenu. Isha ikiadhiniwa, simu chini.)

Lakini nina hofu nyingine, nayo ni kubwa kuliko ya kibanda. Mtu anaweza kumlilia mwanamke wa kwenye kioo, akajiona ana moyo laini, halafu akampita mama mwenye mtoto mgongoni. Machozi ya mchezo hayagharimu kitu.

Nilipomrudia yule kijana na kumwambia hofu hii, akanipa habari ya Lual Mayen. Wazazi wake waliikimbia vita Sudan Kusini kwa miguu, dada zake wawili wakafariki njiani, yeye akazaliwa katika safari hiyo. Amekulia kambini kaskazini mwa Uganda, miaka 22. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza alimwambia mama yake anaitaka. Mama, mkimbizi, akadunduliza miaka mitatu mpaka zikafika dola 300, akamnunulia. Kambini hakuna umeme, kwa hiyo kijana alikuwa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe kutengeneza programu. Magemu aliyoyakuta yalikuwa ya kuua na kuiba magari, na yeye ametoka vitani, anajua kuua kunafananaje. Akatengeneza wa kwake, wenzake kambini wakarushiana kwa blututhi. Akauita Salaam.

Katika Salaam wewe ni mkimbizi, unakimbia kuelekea kwenye amani. Ukiishiwa maji au chakula, nguvu zinakwisha. Na mpango wake Mayen ukawa hivi: ukinunua maji ndani ya mchezo, ile hela ikamfikie mkimbizi wa kweli, kwa kupitia mashirika ya misaada. Mwaka 2018 alitunukiwa huko Marekani katika The Game Awards, tuzo kubwa za magemu. Kwangu mimi tuzo si kitu. Kilichonigusa ni kwamba huyu alijua machozi ya kioo hayatoshi, akatafuta njia yatoke upande wa pili yakiwa maji.

Nasi hatuna haki ya kuishangaa habari ya wakimbizi kana kwamba ni ya mbali. Kigoma kule kambi ya Nyarugusu imewapokea ndugu zetu wa Kongo tangu miaka ya tisini, na wa Burundi pia. Na wakimbizi wa kwanza wa Kiislamu, karibu mwaka 615, walikimbilia bara letu hili la Afrika, Habasha. Makureshi wakatuma watu na zawadi ili warudishwe. Najashi angeweza kuzipokea zawadi na kugonga muhuri mwekundu, wajumbe walikuwa rasmi. Akasema kwanza awasikie wenyewe. Akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib mpaka mwisho, kisha akakataa kuwatoa.

Nimezungumza na kamati jana baada ya Alfajiri. Hatukukubaliana mara moja, mzee mmoja alisema nafungua mlango wa wezi, na ana hoja. Tumefikia hapa: orodha ya Zakatul Fitri itabaki, na barua itaendelea kuulizwa. Ila kuna magunia mawili ya mchele na debe la maharage, sadaka ya waumini wenyewe, ambayo hayaingii kwenye orodha. Asiyekuwa na barua aje hivyo hivyo, kila siku baada ya Alasiri, aniulize mimi mwenyewe. Nitakuwa kibarazani.

Na kama kuna anayemjua mama aliyekuwa amepanga mtaani kwetu Ramadhani iliyopita, anafua nguo, ana mtoto mdogo, tafadhali asimtaje hapa kwenye chaneli. Anipigie pembeni.

Wabillahi tawfiq.