Divai ya Meza ya Bwana: Ya Nyumbani au ya Dukani?



Sisi tukaao Dodoma tumejaliwa jambo ambalo Wakristo wengi wa Afrika Mashariki hawana: mzabibu huzaa mbele ya macho yetu, tena mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo si ajabu watu wakiuliza kila mavuno yafikapo: kwa nini tununue chupa dukani kwa ajili ya Ushirika Mtakatifu, hali zabibu za ndugu zetu wa Hombolo na Mpunguzi pengine hukosa mnunuzi zikaharibika? Tusikamue wenyewe?

Kanisa halikukataza. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinaagiza tu kwamba mkate na divai vitolewe na kasisi pamoja na wazee wa kanisa, kwa gharama ya mtaa. Nao maaskofu waliokutana Lambeth mwaka 1888 walitaka kikombe kiwe na divai ya kweli, si maji ya zabibu yasiyochachuka wala kinywaji kingine. Basi togwa, wanzuki na maji ya rozela havimo, hata vikitengenezwa kwa moyo safi. Lakini hapakuandikwa kwamba lazima chupa iwe na karatasi ya kiwanda.

Hata hivyo, kutengeneza divai ni kazi. Zabibu zikishapondwa, hamira hula sukari yake na kutoa kileo na hewa. Ukiziba chombo kabisa, kitapasuka; ukikiacha wazi, nzi wataingia, na baada ya majuma machache una siki. Chombo cha bati hakifai, maana ukali wa zabibu hula chuma. Tena divai ya nyumbani ikishafunguliwa haikai. Kwa makanisa ya mbali, ambako kasisi hufika mara chache, chupa ya dukani iliyoongezwa nguvu hudumu zaidi, nami siwalaumu wazee wanaoichagua.

Hayo ni ya mikono. Linalonisumbua ni la moyo. Someni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 11, kuanzia mstari wa 17. Watu wa Korintho hawakukosa divai. Kila mtu alileta ya kwake. Mwenye nyumba kubwa akanywa hata akalewa, na jirani yake, ambaye pengine alitoka kazini jioni mikono mitupu, akaketi na njaa. Paulo hakukubali kukiita hicho chakula cha Bwana. Chupa iliyonunuliwa kwa sadaka ina heri hii moja: haina mwenyewe. Shilingi ya mjane imo ndani yake, na ya mwenye lori imo, wala hakuna awezaye kuonyesha tone lililo lake. Lakini pipa likitoka nyumbani kwa mtu mmoja, hazitapita Jumapili tatu kabla watu hawajaanza kuiita divai ya fulani. Watamsifu, na wahenga walikwisha kutuambia mgema akisifiwa hufanyaje. Tena siku akikosana na wazee, je, Meza itakaa bila kikombe?

Yuko na ndugu mwingine wa kukumbukwa, yule aliyeacha pombe kwa machozi mbele yetu. Tukiweka pipa nyumbani kwake, au hata nyumba ya pili, tunamtia majaribuni usiku na mchana kwa ajili ya kitu ambacho kila mmoja wetu huonja funda moja tu. Warumi sura ya 14 yatosha kwa hilo.

Kwa hiyo shauri langu kwa halmashauri ni hili. Zabibu zinunuliwe kwa fedha ya sadaka, kwa bei ya haki, kwa wakulima kadhaa wa mtaa, hata yule mwenye mizabibu kumi tu, zikapondwe zote katika chombo kimoja. Kazi apewe anayeijua (wapo kati yetu waliozoea kukamua mchuzi wa zabibu wa kuuzia viwanda), naye aifanyie katika ghala ya kanisa, ufunguo ukae kwa wazee wawili. Kasisi aionje kabla haijafika mezani. Ikiwa imegeuka siki, imwagwe bila kuoneana haya. Na chupa mbili za dukani ziwemo kabatini siku zote.

Wenye zabibu na wapeleke majina yao kwa katibu wa mtaa kabla ya mavuno yajayo, hata wenye tenga moja.