Sikukuu Kando ya Bwawa la Minaki
Ikifika Sabasaba au Nanenane, wengi wetu wa Kibaha tunawaza fukwe za Dar es Salaam, foleni na jua. Safari hii pandeni vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kuna bwawa la Minaki. Tandikeni mkeka kivulini, mfungue viazi vya kuchemsha, samaki wa kukaanga na machungwa. Msijipangie ratiba. Aliyechoka kwa kazi za mwaka mzima ana haki ya kukaa tu na kutazama maji.

Wenye miguu mepesi wamfuate mwongoza wageni hadi kwenye mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, wanakoishi popo wengi. Jioni hutoka makundi kwa makundi. Watoto wayaone hayo kwa macho yao, kwani misitu ya pwani kama huu imebaki michache, na huu umekatwa mno kwa ajili ya mkaa wa jijini. Chakula kipikwe nyumbani. Msituni pasiwashwe moto.