Usiitupe Darubini, Shika Bisibisi

Umeitoa darubini uani, ukailenga Mshtarii, ukachungulia. Ulitarajia mistari ya sayari na miezi yake minne mikubwa. Ukaona doa la ukungu, limevutika upande mmoja kama yai. Moyo ukakushuka, ukasema: nimeuziwa kitu kibovu.

Ngoja kwanza! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Darubini ya vioo, ya namna aliyoiunda Isaac Newton mwaka 1668, haina uchawi. Kioo kikuu, kilichobonyea kama sahani, hukaa chini ya bomba na kuurudisha mwanga juu. Kioo kidogo kilichoinama kwa nyuzi 45 huutoa kando, ukalifikia jicho lako. Vioo hivyo vikiachana shabaha kidogo tu, picha huharibika. Na vitaachana, maana darubini hubebwa, hutikiswa, hupita kwenye mashimo ya barabara. Kuvipanga upya ni kazi ya kila mwenye darubini hiyo, si aibu ya mgeni.

Basi shika bisibisi. Laza bomba, ili bisibisi ikikuponyoka isidondokee kioo kikuu. Toboa tundu dogo katikati ya kifuniko cha plastiki, kiweke mahali pa lenzi ya kutazamia, uchungulie. Geuza skrubu tatu za kioo kidogo mpaka alama iliyobandikwa katikati ya kioo kikuu ije katikati ya unachokiona. Kisha nenda nyuma ya bomba. Legeza skrubu za kukazia, uzungushe zile tatu za kioo kikuu mpaka taswira ya tundu lako ikalie alama ile. Robo mzunguko, tazama. Robo nyingine, tazama tena. Umepitiliza? Rudi.

Usiku ukiingia, iache darubini nje ipoe, rudisha lenzi ya kutazamia mahali pa kifuniko, kisha weka nyota angavu katikati na uifanye iwe na ukungu kidogo makusudi. Utaona pete zimezunguka kivuli cheusi. Kivuli kikikaa katikati, umeweza. Kikiegemea upande, gusa kidogo skrubu za kioo kikuu, irudishe nyota katikati, ndipo uamue.

Unaiona ngumu? Sikia habari ya darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Kioo chake kikuu cha mita 6.5 kimeundwa kwa vipande 18. Mapema mwaka 2022 ilipoelekezwa kwenye nyota moja, ilileta nukta 18 zilizotawanyika. Hakuna fundi ambaye angeifuata huko, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Wahandisi hawakushika tama, kwani walijua ingeanza hivyo. Walitambua kila nukta ni ya kipande kipi, wakavisogeza vipande kwa amri za redio, kwa hatua ndogo kuliko unene wa unywele. Kufikia katikati ya Machi, nukta zile 18 zilikuwa nyota moja, kali kama ncha ya sindano.

Wao walikuwa na vipande 18 visivyofikika kwa mkono. Wewe una vioo viwili, skrubu chache, na darubini iko hapo uani. Leo kabla jua halijazama, tafuta kifuniko, kitoboe, uanze. Na picha ikinyooka, mwite mtoto wa jirani achungulie kabla yako.