Liganda na Karata

Kule Marekani watu wanakusanya karata zenye picha za wachezaji wa beziboli. Mwaka 2020 karata moja ya Mike Trout, iliyotolewa 2009 na yenye sahihi yake, iliuzwa karibu dola milioni 4. Kiwanda kilichapa moja tu ya namna ile, kwa kusudi. Sisi watu wa Kisangani tunacheka: karatasi tu!

Lakini tuiangalie liganda. Wazee wa Lokele, Topoke na Turumbu walikuwa na hiki chuma kirefu, mfano wa mkuki, zingine zinalingana na urefu wa mtu. Hakuna aliyewinda nayo. Ilikuwa feza, tena feza ya ndoa. Ilitoka kwa baba ya kijana, ikaingia kwa baba ya binti. Kesho kaka ya binti naye anaoa, inaondoka tena. Kazi yake ilikuwa kutembea.

Leo liganda inauzwa kule Ulaya na kutundikwa ukutani, sawa karata ya Trout. Je, ni kosa? Karata ilizaliwa ili itunzwe. Ukiifungia sandukuni hukumkosea mtu. Liganda ilifuliwa ili ifunge jamaa mbili. Mwenye kuitundika ameinunua kwa haki, ndiyo, lakini hajui ilifunga nani na nani, na ukuta hauna binti wa kuoza.

Wengine wetu wanataka zirudi, ziwekwe ndani ya kioo. Ni vizuri. Sisi tungependa zaidi kuona hata moja ikiwekwa juu ya feza siku ya mahari, halafu iondoke na watu wa binti.