Je, Mbwa Jike Aweza Kuwa na Kosa?

Liko neno moja lisemwalo mara kwa mara vijijini mwetu juu ya mbwa jike, nalo ni hili: "Mbwa huyu ameharibika." Juzi alilinda mji, akafukuza nyani shambani, akalala mlangoni, leo hatulii, hutoroka usiku, hukojoa huku na huku, na nyuma yake huja kundi la madume wakipigana na kubweka hata alfajiri. Bustani ya jirani hukanyagwa. Mwisho mwenyewe hushika fimbo, akampiga yule jike. Na ikiwa mbwa ni mzee, mwenye mvi mdomoni, watu huongeza: "Mzee namna hii, haoni haya?"

Neno hilo la haya lataka kufikiriwa, maana haya ni ya mtu awezaye kutenda na kutotenda. Lakini kwanza tulijue jambo lenyewe, kwa kuwa wengi huhukumu wasilolijua.

Mbwa jike aanzapo kukomaa, hushikwa na joto, yaani hutaka dume, na jambo hilo humrudia kama mara mbili kwa mwaka. (Wale mbwa wadogo wa Kongo waitwao Basenji, ambao hawabweki kama wengine, kwa desturi hupata mara moja tu.) Kila mara huchukua kama wiki tatu. Katika siku za kwanza, yapata siku 9 hivi, sehemu zake za kike huvimba na damu hutoka. Madume huja kwa harufu, walakini yeye huwakataa na kuwaonyesha meno. Ndipo huja siku nyingine kama hizo, damu hupungua, naye huwakubali. Hapa ndipo wengi hukosea: waonapo damu imepungua, humfungulia wakidhani hatari imepita, kumbe ndiyo kwanza imefika. Wala damu hiyo si sawa na hedhi ya wanawake, kwa maana ya mbwa hulitangulia yai, na ya mwanamke huja baada ya yai kupotea bure.

Tena iko tofauti nyingine. Mwanamke akifika umri wa miaka 50 hivi, hedhi hukoma, naye hupumzika. Mbwa jike hana pumziko hilo. Akiwa na miaka 12 au 13, macho yakiwa yameingia ukungu na miguu ya nyuma ikitetemeka, joto laweza kumrudia bado, ingawa pengine baada ya muda mrefu zaidi na kwa dalili chache. Basi yule asemaye, "Mzee namna hii," amemwekea mnyama sheria ya mwili usio wake.

Hayo yote ni kazi ya homoni, yaani vitu ambavyo tezi za mwili huvimimina katika damu, vikaenda mbali kuviamrisha viungo vingine. Mbwa haviamrishi, vyamwamrisha yeye. Hata joto likiisha, kazi yao haijaisha, maana kwa muda wa kama miezi miwili damu yake huwa na homoni ya mimba, awe na mimba au asiwe nayo. Homoni hiyo ishukapo, na ile ya maziwa ipandapo, baadhi ya majike hufanya kama waliozaa. Hufukua shimo chini ya ghala, huburuta magunia, chuchu huvimba na kutoa maziwa. Nimepata kumwona mmoja, mwenye umri wa miaka 11 hivi, aliyechukua gunzi la mahindi akalilamba mchana kutwa, na kuku alipolikaribia alimrukia kwa ghadhabu. Watu walicheka sana. Mimi sikuona la kuchekesha. Yule mnyama alikuwa na kila kitu cha mama isipokuwa mtoto. Wataalamu wengi hudhani kwamba tabia hii ni urithi wa mababu zao wa mwituni, walioishi kwa makundi: jike mmoja huzaa, wenzake humsaidia kulea, na jike mwenye maziwa asiyezaa alikuwa na faida kwa wote.

Sasa, kosa ni nini? Twamlaumu mtu kwa tendo ambalo angaliweza kuliacha, na ambalo alijua halifai. Sikubaliani na wale wasemao mnyama hawezi kufundishwa lolote: mbwa hufundishika asile mayai, asigugune viatu, asimrukie mgeni, na katika hayo kumkemea kwa wakati wake kuna maana. Lakini joto halifundishiki. Fimbo ya asubuhi kwa ajili ya mambo ya usiku haimfundishi mbwa neno lolote ila kumwogopa mwenye fimbo.

Mzee mmoja jirani yetu alinijibu vizuri nilipomweleza haya. Alisema, "Mwalimu, wewe wamsamehe mbwa. Je, kuku wangu watatu waliouawa na madume yale, nimdai nani? Niidai hiyo homoni yako?"

Nikamwambia, "La, mzee wangu, mdai mwenyewe mbwa. Yeye hulala salama kwa sauti ya yule jike usiku wote wa mwaka. Hizo wiki sita za taabu ni deni lake."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na wenye madume je?"

Hapo mzee alinishinda, na sina aibu kusema hivyo. Ni desturi yetu kwamba mji mmoja wenye jike hulaumiwa na kijiji kizima, na miji sita iliyoachia madume yake yazurure hukaa kimya kana kwamba hayakutoka kwao. Watoto wakizaliwa, baada ya siku 63 au karibu na hizo, huweza kuwa na baba mbalimbali katika uzao mmoja, nao hawana hata mmoja anayewajua. Wengine hutupwa porini hali hawajafumbua macho. Waponao huzurura pasipo chanjo, na kichaa cha mbwa hupata njia kwao. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na walio wengi kati yao hupata kwa kuumwa na mbwa. Kundi la madume linalopigania jike, pamoja na watoto wa shule wanaopita katikati yake, si jambo la kuchekea. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata likiwa ni kwaruzo tu.

Wako wasemao, "Basi na akatwe kizazi, mambo yaishe." Hili nalo ni swali gumu kuliko lionekanavyo. Huko Marekani mbwa walio wengi wa nyumbani hukatwa, na asiyemkata wake hudhaniwa kuwa mzembe. Huko Norway sheria ya mwaka 2009 hairuhusu kumwondolea mnyama kiungo pasipo sababu ya haki, na majike wengi huishi wazima, kwa kuwa wenyewe huwafunga na kuwachunga. Watu wote hao huwapenda mbwa. Mimi huona kwamba Mnorwe ana haki kwake, mahali penye ua na kamba na mtu wa kuangalia. Bali mahali ambapo mbwa hulala nje na mlango ni wa mabua, kumwacha mzima bila kumlinda si heshima kwa mwili wake, ni uvivu wetu uliojipa jina zuri. Aliye na daktari wa mifugo karibu na amkate akiwa kijana. Ile sindano ya kuzuia joto, ambayo wengine huitafuta kwa kuwa ni rahisi, huzidisha hatari ya ugonjwa nitakaoutaja sasa.

Ugonjwa wenyewe ni usaha katika kizazi. Huwapata hasa majike wazee wasiokatwa, nao huja kwa kawaida wiki chache baada ya joto. Huko Uswidi, walipochunguzwa mbwa wengi wenye bima, ilionekana kwamba karibu mmoja katika kila wanne huupata kabla ya kutimiza miaka 10. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa sana, huacha chakula, hulegea. Pengine usaha huonekana ukitoka, na pengine hauonekani kabisa, na huo usioonekana ndio mbaya zaidi. Dawa yake hasa ni kupasuliwa upesi. Kwetu mbwa huyo husemwa kuwa amezeeka tu, akaachwa chini ya mti hata afe. Kwa hiyo mwenye jike mzee na aandike tarehe ya joto lake ukutani, na kwa miezi miwili ifuatayo aangalie chungu cha maji.

Na yule mwenye gunzi lake asinyang'anywe kwa nguvu, wala chuchu zake zisikamuliwe, maana kukamua huyaita maziwa zaidi. Atembezwe, apewe shughuli, watoto wakatazwe kumchokoza. Baada ya wiki mbili tatu maziwa hukauka, naye huliacha gunzi mwenyewe pale shimoni, akarudi kulala mlangoni.